Kidau cha wino, nibu na hati ya kuunganisha: maana yake

Kidau cha wino ni kikombe kidogo cha kauri, kioo au shaba kinachotiwa wino wa kuchovya kalamu. Maana yenyewe ni hiyo tu. Ila kidau peke yake hakiandiki. Kilikuwa na wenzake: kalamu isiyobeba wino ndani yake, karatasi ya kukaushia, na mkono uliozoeshwa kuvipatanisha. Mzee akisifiwa kwamba hati yake inashinda ya wajukuu zake wote, sehemu ya sifa hiyo ni ya vyombo alivyoandikia.

Sisi tuliosoma Lamu baada ya vidau kuondoka tulikuta alama yake tu, tundu la mviringo kwenye kona ya kulia ya dawati la mbao. Wengi hatukujua ni la nini. Tulitia humo kokwa za tende na vifuniko vya soda, na aliyebahatika kuwa na dawati lenye tundu pana alipitisha humo vibarua vya kupelekeana darasani. Kikombe cha kauri ndicho kilichokaa hapo zamani, na mdomo wake ulilingana na mbao ili mtu akikipiga kumbo kisimwagike. Kona ilikuwa ya kulia kwa sababu dawati lilipangiwa mtoto wa mkono wa kulia. Mwenye mashoto ilimbidi avushe kalamu inayodondoka wino juu ya kazi yake mwenyewe, kisha mkono wake upite juu ya maneno mabichi. Akichafua, alichapwa yeye.

Kalamu ya kuchovya ina mpini wa mti na nibu ya chuma. Nibu ni bati jembamba lililopindwa, ncha yake imepasuliwa ufa mwembamba kama unywele, na juu ya ufa pana kitundu. Ukichovya mpaka kwenye kitundu, wino hung'ang'ania chini ya nibu. Ncha ikigusa karatasi, wino hushuka wenyewe kupitia ufa. Ukikandamiza, zile ncha mbili huachana na mstari ukawa mnene. Ukilegeza, hurudiana na mstari ukawa mwembamba. Ndiyo maana hati za zamani zina unene kila kalamu iliposhuka na wembamba kila ilipopanda. Hayakuwa mapambo ya hiari. Jaribu kukandamiza nibu ikiwa inapanda uone: ncha hukwama kwenye nyuzi za karatasi, kisha hufyatuka na kurusha vitone mpaka kwenye kanzu ya jirani.

Kuunganisha herufi nako kulitokana na hapo. Hatari kubwa ya kalamu hii ni pale inapotua, maana kila ukiiinua na kuishusha upya unahatarisha doa. Basi mwandishi huingia kwenye neno mara moja na hatoki mpaka amelimaliza, na mikia ile ya herufi tunayoiona ya kujidai ilikuwa njia ya kufika herufi inayofuata bila kuinua mkono. Mchovyo mmoja ulitosha maneno machache. Mzoefu alijua wino unakwisha kabla haujakwisha, akarudi kidauni mwisho wa neno, si katikati, akagusisha nibu ukingoni mwa kikombe ili tone la ziada libaki huko. Kisha karatasi ya kukaushia: hubonyezwa, haisuguliwi. Aliyesugua alianza upya.

Nibu za chuma zilienea duniani katika karne ya 19, na mji wa Birmingham, Uingereza, ndio uliozifyatua kwa wingi kuliko mahali pengine. Adui wao ni kutu, na katika hewa ya chumvi kama yetu nibu iliyoachwa na wino usiku kucha huamka imeharibika. Kufuta nibu kwa kitambaa kila baada ya kuandika kulikuwa sehemu ya somo.

Lakini Lamu haikungoja chuma ili ijue kidau. Kabla ya dawati palikuwa na chuo cha Kurani, na kabla ya nibu palikuwa na kalamu ya mwanzi. Mwanzi mkavu huchongwa kwa kisu kikali, ukapunguzwa tumbo, ukapasuliwa ufa, kisha ncha ikakatwa mshazari. Hapa mantiki ni nyingine kabisa. Mwanzi hautanuki kama chuma. Unene unatokana na pembe: ukiuburuta kwa upana wa ncha unapata mstari mnene, ukiuburuta kwa ubavu unapata mwembamba. Mwenye khati, yaani uandishi wa ustadi wa herufi za Kiarabu, hahitaji nguvu. Anahitaji kushika pembe moja bila kuyumba kuanzia bismillahi mpaka mwisho wa ukurasa.

Ncha hiyohiyo ndiyo kipimo. Ukiibonyeza mara moja karatasini unapata nukta yenye pembe nne, na kwa nukta hizo hupimwa urefu wa herufi alifu na uviringo wa herufi nuni, idadi ikitegemea aina ya khati. Anayesifiwa kwa kuuweka utaratibu huo ni Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Siasa za huko zilimkatisha mkono wa kulia, na inasimuliwa kwamba aliendelea kuandika kwa kufunga kalamu kwenye kigutu.

Kidau cha mwandishi wa mwanzi nacho kilikuwa na siri yake. Ndani mlitiwa kifundo cha nyuzi za hariri au pamba, kikanywa wino wote. Kalamu ikigusa nyuzi hupata kiasi chake, haizidishi, na kidau kikipinduka wino haumwagiki wote. Kwa watu wanaoandika wamekaa mkekani, karatasi imeegemezwa gotini, hilo si jambo dogo.

Na huku kwetu kazi hiyo ilikuwa kubwa. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa kunakili misahafu katika karne za 18 na 19, kwa wino mweusi na mwekundu. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wa kumuusia bintiye mwaka 1858, mapema kabisa humo anamwita mtoto akae karibu na aje na wino na karatasi. Kalamu haikuwa ya wanaume pekee, ingawa kuna wanaopenda kutuambia hivyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwenye khati. Miswada aliyonakili kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya imehifadhiwa hadi leo London na Ujerumani. Sishangai mchonga milango kuwa na khati nzuri, maana kazi zote mbili zinataka mkono unaokata pembe ileile mara mia bila kuchoka.

Wino pia haukuwa wa aina moja, na tofauti hii watu wengi huiruka. Wino wa masizi ni moshi uliokusanywa ukachanganywa na gundi ya mti na maji. Weusi wake haufifii kwa karne nyingi, lakini umelala juu ya karatasi tu, na maji yakiufikia unachuruzika. Kwenye ubao wa chuoni udhaifu huo ndio ulikuwa faida: mwanafunzi akishahifadhi, ubao unaoshwa na sura nyingine inaandikwa. Wino wa pili hutengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti vyenye ukali. Huu unapoandikwa huwa hafifu, halafu hukolea kwa hewa, ukaingia ndani ya karatasi usitoke. Ubaya wake ni asidi. Miaka ikipita hula karatasi, na wakati mwingine maneno huanguka yakaacha matundu yenye sura ya herufi.

Upo na wa tatu, ambao haukukusudiwa kudumu hata siku moja. Ni zafarani iliyorowekwa kwa marashi, inayoandikiwa aya kwenye sahani nyeupe, kisha ikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Vidau vya shule vimekwisha, lakini ukiingia nyumba ya anayeandika makombe bado utaona kikombe kidogo cha rangi ya manjano na kijiti kimelala pembeni.

Mtoto wa Lamu wa miaka ile alikuwa na mikono miwili ndani ya mkono mmoja. Chuoni aliandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono wa kulia ukienda upande huo unafuata nyuma ya kalamu, juu ya yale yaliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo alifundishwa kuuweka chini ya mstari. Shuleni alikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mkono ukitangulia kwenye karatasi tupu, na chuma kikataka kukandamizwa na kulegezwa. Kusema watoto wale walikuwa na subira kuliko wa leo ni kuwasifia kisichokuwa chao. Vyombo vyao havikukubali haraka, basi.

Biro ndiyo iliyovunja mtambo huo. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1938: kitufe cha chuma kinachozunguka kwenye ncha na kupaka wino mzito unaokauka papo hapo. Haidondoki, haitaki kidau, haichagui mkono. Mwenye mashoto alipumua. Lakini kitufe hutoa mstari wa unene uleule kikipanda au kikishuka, na hakizunguki vizuri bila kukandamizwa, kwa hiyo wepesi wa kidole haukuwa na kazi tena. Shule ziliendelea kudai hati nadhifu na hati ya kuunganisha, ilhali kalamu iliyozifanya kuwa lazima ilikuwa imeshaondoka. Mtoto akauliza kwa nini aunganishe, na jibu likawa kiboko.

Kwa anayetaka kujaribu: nibu mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na wino huyakataa ukajikusanya matone. Ifute kwa maji ya sabuni; wanafunzi wa zamani waliilamba tu. Na wino mzito wa kuchorea, ule unaokauka ukang'aa, usiutie kamwe kwenye kalamu yenye tangi lake la wino. Utaganda ndani, na kalamu hiyo hutaifungua tena.