Bati la mwanga linavuja? Achana na silikoni kwanza

Jumamosi simu tena: "Fundi, lile bati la mwanga la sebuleni linavuja, njoo na silikoni." Nikapanda. Nikakuta silikoni ya mafundi watatu, tabaka juu ya tabaka, imebanduka kama gamba la kidonda.

Jamani. Bati lile ni polikaboneti, yaani plastiki inayopitisha mwanga, na likipigwa na jua linatanuka zaidi ya mara tano ya chuma. Piga hesabu: bati la mita 3, joto likipanda nyuzi 40, linarefuka karibu milimita 8. La chuma lililo ubavuni mwake halifiki hata 2. Mchana linakwenda, usiku linarudi, kila siku ya Mungu. Sasa fundi kaligongelea msumari bila kutoboa kwanza, tundu limebana kama pete kwenye kidole kilichovimba. Litakwenda wapi? Linapasuka. Ufa unaanzia tunduni, mwembamba kama unywele, unashuka kwenye bonde la bati, maji yanakopita. Unapaka silikoni, bati linacheza, silikoni inang'oka. Na ile inayonuka siki inakula zinki ya mabati ya jirani, kwa hiyo umejinunulia na kutu.

Toboa kwa drili, tundu lizidi skrubu kwa milimita 3 au 4, juu ya mgongo wa bati, halafu raba pana ifunike. Kaza mpaka raba itulie. Ikibinuka, umezidisha. Kwa mabati marefu natanua tundu zaidi, na hapo nakiri naenda kwa mazoea tu.

Upande wenye nailoni ya maandishi unatazama juu. Ukigeuza, bati litakuwa la njano kabla ya wakati wake. Usilikanyage hata kama wewe ni mwepesi. Laza ubao juu ya papi, zile mbao zinazobeba mabati.

Kinachonisumbua ni kutafuta chanzo. Maji yanaweza kuingilia kwenye kofia, lile bati la kileleni mwa paa, yakatambaa chini ya bati hadi kwenye papi, ndipo yakadondokea kochi. Mara mbili nimebadili bati zima, mvua ikanyesha, tone likaanguka palepale. Nikarudisha hela ya ufundi, na aibu juu.

La Jumamosi halikuwa na utata, nyufa nne zinaonekana kwa macho. Nikamwonyesha mama mwenye nyumba, nikamtajia bei ya bati jipya. Akanyamaza kidogo.

"Kwani fundi, silikoni bomba moja halitoshi?"