Si kweli kwamba wapiga jazi hujipigia tu

Katika makundi ya WhatsApp hapa Tanga huzunguka ujumbe usemao kuwa albamu za jazi zilizorekodiwa ukumbini, za piano, besi na dramu, hazina mpangilio: kila mmoja anapiga lake, nyimbo zenyewe ni za zamani, hivyo ni kubahatisha tu.

Sivyo. Nyimbo hizo kongwe za Marekani nyingi zina vipande 32 vya mipigo minne minne, vilivyogawanywa katika sehemu nne zilizo sawa. Aghalabu sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne hufanana. Ya tatu huchepuka. Watatu hao hupiga lahani mara moja, kisha huurudia mzunguko uleule tena na tena. Mpiga piano hubuni lahani mpya papo hapo, lakini njia, yaani mfuatano wa sauti zinazoibeba lahani, haibadiliki, na besi ndiyo inayoishika.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Piano inapoanza kubuni, imba kimoyomoyo lahani ya mwanzo kwa mwendo uleule. Utashangaa mnavyofika mwisho pamoja!

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Sisi tuliolelewa na taarabu hufuata maneno ya mwimbaji, na hapa hakuna maneno. Tena makofi hupigwa katikati, baada ya kila mmoja kuonyesha umahiri wake, mtu akadhani wimbo umekwisha.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Unawavunjia heshima wanamuziki waliofanya kazi ngumu, na unawanyima vijana wetu wanaojifunza kinanda somo zuri mno.