Je, wajua kwa nini dhamana ya maisha haiiokoi darubini feki ya bunduki?

Vortex ni kampuni ya Marekani yenye makao yake Barneveld, katika jimbo la Wisconsin. Darubini zake za bunduki huuzwa na ahadi ambayo bidhaa chache sana duniani zinayo: ikiharibika, itatengenezwa au utapewa nyingine, bila kuonyesha risiti na bila kuulizwa kama wewe ni mmiliki wa kwanza au wa tano. Leupold ya Beaverton, Oregon, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1907, nayo hutoa dhamana ya maisha kwa darubini zake, na haijali darubini hiyo imepita mikononi mwa nani.

Sasa mtu ananunua mtandaoni darubini yenye jina kama hilo kwa bei ya kuvutia. Mvua moja tu, ndani ya kioo kunatanda ukungu. Hana wasiwasi, kwani si dhamana ipo? Anaifunga vizuri, anaituma kwa kampuni, na baada ya muda anajibiwa kuwa kifaa hicho hakikutengenezwa na wao, hivyo hawawezi kukigusa. Amepoteza fedha, na mara nyingi siku za kumrudishia muuzaji zimekwisha pita.

Watu wengi wakifika hapo huikasirikia kampuni. Naelewa hasira hiyo, lakini naona inamwangukia asiyehusika. Dhamana ni ahadi ya fundi juu ya kazi yake mwenyewe. Kampuni inajua ni darubini ngapi kati ya ilizouza zitarudi, na gharama ya kuzitengeneza imo tayari ndani ya bei. Kila aliyenunua halisi amekwisha changia matengenezo ya wenzake. Aliyenunua feki amempa fedha yake mtu mwingine kabisa. Hata sheria ya Marekani ya dhamana za bidhaa, Magnuson-Moss ya mwaka 1975, inamfunga aliyeandika dhamana kwa bidhaa aliyoiandikia. Haimfanyi awajibike kwa kitu kilichobandikwa jina lake bila ruhusa.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi hawalifikirii. Dhamana isiyodai risiti ndiyo inayowanufaisha zaidi walaghai. Muuzaji wa feki anaweza kukuambia bila haya, "Usijali risiti, kampuni haiulizi," na kwa hilo atakuwa anasema kweli. Lakini kwa kuwa karatasi haihitajiki, ushahidi pekee unaobaki ni kifaa chenyewe, na fundi atakikagua kuanzia nje hadi ndani.

Huanza na namba ya mfululizo. Walaghai hunakili namba ya darubini moja halisi na kuichapa kwenye nyingi, kwa hiyo namba inaweza kuwemo kwenye kumbukumbu za kampuni na bado isikusaidie, kwa sababu ni ya modeli nyingine au imekwisha tokea kwa watu wengine. Kisha huja maandishi, rangi ya utando juu ya kioo, aina ya skrubu, na mwisho sehemu za ndani, ambazo mlaghai hana sababu ya kuziiga kwa kuwa mnunuzi hazioni.

Mfano mzuri ni ACOG, darubini ya bunduki ya Trijicon, kampuni ya Wixom, Michigan. ACOG nyingi hazitumii betri. Mchana, uzi wa plastiki unaopitisha mwanga hukusanya mwanga wa jua na kuiwasha alama ya kulengea. Usiku kazi hiyo hufanywa na tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Nakala nyingi za bandia zina taa ndogo ya umeme na kifuniko cha betri, na ule uzi mwekundu juu yake ni pambo tu.

EOTech, kampuni nyingine ya vilengeo vya bunduki, nayo ina siri yake. Katika kilengeo chake halisi cha holografia, mwanga wa leza huangaza picha iliyorekodiwa ndani ya kioo chenyewe, kiasi kwamba hata ukiziba sehemu ya dirisha bado utaiona alama nzima kupitia sehemu iliyobaki. Feki hutumia taa inayoakisiwa kwenye kioo cha kawaida, na mara nyingi ina swichi ya kuchagua nyekundu au kijani. Kilengeo cha leza hakina uchaguzi huo, kwa kuwa leza iliyomo ni ya rangi moja.

Nyingi ya nakala hizi hazikukusudiwa kufungwa kwenye bunduki ya kweli. Zilitengenezwa kwa bunduki za mchezo zinazorusha vidonge vya plastiki, ambazo hazina mtikisiko wa maana. Ziweke juu ya bunduki ya kuwindia na kila risasi inayotoka inazishtua kwa ghafla. Lenzi hulegea, na springi inayoshikilia mrija wa ndani hushindwa kuurudisha mahali pake. Kwenye darubini nyingi, kuzungusha kitasa cha marekebisho hatua moja, yaani mlio mmoja wa kitasa, huhamisha mahali risasi inapopiga karibu milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Kwenye feki mlio huo unaweza kuhamisha zaidi, au pungufu, au usihamishe kitu. Ukungu nao una sababu yake: darubini nzuri hutolewa hewa yenye unyevu, ikajazwa naitrojeni au agoni na kuzibwa kabisa, hatua ambayo mwenye kutafuta faida ya haraka huiruka. Hasara ya fedha naweza kuistahimili. Kinachoniuma ni mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia porini, kwa sababu risasi ilikwenda mahali ambapo mwindaji hakulenga.

Zinamfikiaje mnunuzi mwangalifu? Nyingine huuzwa awali waziwazi kama nakala za mchezo, kisha mmiliki wa pili au wa tatu anaiuza kama halisi, pengine naye akiamini hivyo. Nyingine hupitia masoko makubwa ya mtandaoni. Kwa miaka mingi ghala za Amazon ziliruhusu bidhaa za wauzaji tofauti zenye msimbopau mmoja kuchanganywa, hivyo uliweza kumlipa muuzaji mwaminifu ukapokea bidhaa iliyoletwa na mwingine. Tangu Juni 2023 sheria ya Marekani iitwayo INFORM inayataka masoko hayo yahakiki utambulisho wa wauzaji waliofikisha mauzo 200 na mapato ya dola 5,000 ndani ya miezi 12. Muuzaji mdogo wa muda mfupi bado yuko nje ya wavu huo.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni wiki ya kwanza, kabla hujaifunga kwenye bunduki. Tazama kama muuzaji yumo kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na kampuni, kisha itumie kampuni namba ya mfululizo pamoja na picha, uulize kama namba hiyo ni ya modeli hiyo. Modeli isipolingana na rekodi zao, bado una muda wa kuirudisha.

Na kama umekwisha kataliwa, usiitupe barua ya kukataliwa. Ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote ulizonazo, kwa sababu mwenye nembo mwenyewe ndiye anayesema kwa maandishi kuwa kifaa ni bandia. Kampuni ya kadi za malipo ya Visa, kwa mfano, ina kundi maalumu la madai ya bidhaa bandia, na tamko la mwenye nembo ni ushahidi unaopokelewa. Kwa kadi za mkopo za Marekani, sheria humpa mteja siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya akaunti kupinga malipo kwa maandishi. Ambatisha barua hiyo, picha za tangazo ulilonunulia na mazungumzo yako na muuzaji. Usimuuzie mtu mwingine kifaa hicho hata kwa bei ya chini, kwani kuuza bidhaa unayojua kuwa ni bandia ni kosa la jinai nchini Marekani, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10.