Umepewa ofa ya kazi, sasa unachunguzwa: mwajiri nchini Kenya atakagua nini?

Ingia Huduma Centre yoyote asubuhi na hutakosa kumkuta kijana aliyekuja kupigwa alama za vidole kwa ajili ya kazi ambayo hata mahojiano yake hajaitwa. Ameona tangazo linalosema "ambatisha stakabadhi za Sura ya Sita" (sura ya Katiba inayohusu uongozi na uadilifu), akakopa nauli na ada, akaanza kuzunguka: cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), cheti cha ushuru kutoka KRA, cha mikopo ya elimu kutoka HELB, cha EACC (Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi), na ripoti ya CRB inayoonyesha rekodi ya madeni yako. Asipoitwa, pesa hizo hazirudi.

Sheria haitaki iwe hivyo. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ya 2007 ilifanyiwa marekebisho na kuongezwa kifungu cha 9A, ambacho kinamkataza mwajiri kudai vyeti vya aina hiyo kabla hajawa na nia ya kuandikiana mkataba wa kazi na mhusika. Ofa inatangulia, vyeti vinafuata. Mwajiri naye hakuachwa mikono mitupu: ukipewa ofa kisha ukashindwa kutimiza masharti ya lazima, anaweza kuiondoa.

Najua mwenye njaa ya kazi hana ubavu wa kubishana na tangazo. Lakini unaweza kutuma maombi yako yakiwa na sentensi moja inayosema vyeti vya uadilifu utavileta mara tu utakapopewa ofa. Mwajiri anayeijua sheria hatakukata kwa hilo. Kinachonisikitisha ni kwamba baadhi ya matangazo yanayovunja kifungu hiki hutoka kwenye taasisi zinazolipwa na umma, ambazo zilipaswa kuwa za kwanza kukitii.

Basi tuseme ofa imekuja, na barua inasema ajira yako "itategemea matokeo ya uhakiki". Uhakiki huo unakuwaje?

Kwanza utaletewa fomu ya idhini. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, una haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa sababu gani na nani atazipokea. Waajiri wengi hawafanyi kazi hii wenyewe, huikabidhi kampuni ya uhakiki, na jina la kampuni hiyo linafaa kuwa kwenye fomu. Isome. Ikiwa imeandikwa kwamba unaruhusu "taarifa zozote kutoka popote", omba itaje: chuo, waajiri wa zamani, polisi, na kadhalika. Ombi hilo ni la kawaida na halikufanyi mtu wa shaka. Ila ukiambiwa utume pesa ya "vetting" kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hapo hakuna kazi. Matapeli wanajua kwamba aliyeahidiwa ajira hulipa haraka bila kuuliza, na mtego huu huwanasa sana wanaotafuta kazi za Ghuba. Kabla ya kumlipa wakala yeyote wa ajira za nje, hakikisha kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Vyeti vya masomo

Hapa ndipo wengi huangukia. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulifichua visa 2,067 vya vyeti ghushi. Tangu hapo uhakiki umekazwa, na kampuni za binafsi zimefuata mkondo huo huo.

Mhakiki hatazami uzuri wa karatasi uliyomletea. Anauliza waliotoa cheti. Matokeo ya mitihani ya sekondari (KCSE) na ya msingi (KCPE) yanathibitishwa na Baraza la Mitihani (KNEC) kwa nambari yako ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani, na jibu linakwenda moja kwa moja kwa aliyeuliza. Digrii inathibitishwa na ofisi ya msajili wa chuo. Digrii ya nje ya nchi huhitaji pia kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na shughuli hiyo inaweza kuchukua muda, kwa hiyo aliyesoma Uganda, India au Uingereza asingoje ofa ndipo aianze. Kwa wauguzi, madaktari, wahandisi, mawakili na wahasibu, mhakiki hutafuta jina kwenye sajili ya bodi ya taaluma na kuona kama leseni ya mwaka huu imelipiwa. Ni jambo la dakika chache.

Kudanganya daraja ni kosa linalofichuka mapema kuliko watu wanavyodhani. Aliyepata C ya kawaida akaandika C+ hukutwa siku jibu la KNEC linapofika, na mara nyingi hupoteza kazi ambayo angeipata hata kwa ile C. Kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitatu. Zaidi ya hapo, EACC imekuwa ikiwafikisha mahakamani watumishi wa umma waliotumia vyeti bandia ikitaka warudishe mishahara yote waliyopokea. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi anadaiwa ya miaka kumi.

Kuna tatizo jingine ambalo halina hila yoyote ndani yake lakini linachelewesha uhakiki kila siku: majina. Kitambulisho kinasema Achieng Mary Otieno, cheti cha KCSE kinasema Mary A. Otieno, na digrii ina jina la ndoa. Mhakiki hawezi kukisia kwamba hao ni mtu mmoja. Tengeneza mapema hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni yako, na ikiwa ulibadilisha jina rasmi, weka nakala ya hati ya kubadilisha jina pamoja na cheti cha ndoa.

Kazi ulizofanya zamani

Mwajiri wa zamani ataulizwa mambo machache: alikuajiri lini, ulikuwa na cheo gani, uliondoka lini, na je, angekuajiri tena. Wapo wanaoogopa hili kwa sababu waliachana na bosi vibaya. Wajue kwamba kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, ilimradi alifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho kinataja jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, siku uliyoanza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, na siku uliyoacha. Sababu za kuondoka hazimo. Mwajiri anayekataa kukitoa kwa makusudi, au anayeandika uongo ndani yake, anatenda kosa ambalo faini yake inaweza kufika Sh100,000 au kifungo cha miezi sita. Wafanyakazi wengi huondoka wakipigania mshahara wa mwisho na siku za likizo, wakakisahau cheti hiki. Kidai siku hiyo hiyo. Kampuni ikifungwa miaka mitano baadaye, hutakuwa na wa kumwuliza.

Sheria hiyo hiyo haimlazimu mwajiri kuandika barua ya sifa. Ndiyo maana kwenye wasifukazi unaorodhesha warejelewa (watu wa kuulizwa kukuhusu), na ndiyo maana unapaswa kuwapigia kabla ya mhakiki. Mrejelewa anayeshtukizwa na simu huanza kwa "Ngoja nikumbuke… huyo ni nani tena?" na sentensi hiyo peke yake inatosha kukuharibia. Epuka pia kurefusha miezi ya kazi ili kuficha kipindi ulichokaa nyumbani. Kukaa bila kazi mwaka mzima nchini hapa hakumshangazi mhakiki yeyote. Tarehe zisizolingana na za cheti cha utumishi ndizo humfanya arudi kuanza upya na faili lako lote.

Na kama bado uko kazini kwingine, andika waziwazi kwamba mwajiri wako wa sasa asipigiwe mpaka utoe ruhusa. Usijiuzulu kabla uhakiki haujakamilika na mkataba haujatiwa sahihi na pande zote mbili. Nalisema hili kwa mkazo kuliko yote mengine kwenye makala haya.

Polisi, madeni na yale yasiyomhusu mwajiri

Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapeleka fomu ya C24 ikapigwe alama za vidole. Fomu hiyo ichapishwe pande mbili za karatasi moja, maana ukija na karatasi mbili utarudishwa. Ikiwa uliwahi kushtakiwa na kesi ikatupwa au ukaachiliwa huru, usidhani kumbukumbu imejirekebisha yenyewe. Chukua mahakamani nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na uipeleke DCI kabla hujaomba cheti.

Ripoti ya CRB inahitajika zaidi kwenye benki, sacco (vyama vya akiba na mikopo) na utumishi wa umma. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, hivyo itazame wewe kwanza. Deni ulilokwisha kulipa hubaki kwenye rekodi kwa miaka mitano, lakini huonyeshwa kwamba limelipwa. Kwa HELB, anayelipa kwa utaratibu hupata cheti hata kama deni halijaisha. Mitandao ya kijamii nayo hutazamwa, hasa kwa nafasi zinazohusu watoto au sura ya kampuni.

Kuna mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyagusa. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inapiga marufuku kumlazimisha mtu kupimwa virusi ili apewe kazi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinazuia ubaguzi kwa sababu ya mimba, ndoa, dini, kabila au ulemavu, na kinamlinda anayeomba kazi sawasawa na aliyekwisha ajiriwa. Uchunguzi wa afya unaolingana na kazi yenyewe, kama macho ya dereva, unaruhusiwa.

Ofa ikiondolewa, omba kwa maandishi sababu na nakala ya ripoti iliyotumika. Makosa hutokea: mtu mwenye jina kama lako ana kesi, au chuo kimejibu kuhusu mwaka usio wako. Sheria ya Ulinzi wa Data inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Mwajiri au kampuni ya uhakiki ikikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inatakiwa kuyahitimisha ndani ya siku 90. Ambatisha barua ya ofa, fomu ya idhini uliyotia sahihi na barua pepe zote mlizoandikiana.