Kushiriki utafiti kwenye makao ya wazee maana yake nini hasa

Watu wakisikia mzee wao aliyeko kwenye makao kaombwa aingie kwenye utafiti, akili inakimbilia sindano na dawa za majaribio, kumbe mara nyingi ni dodoso la usingizi, au mtafiti anakaa pembeni saa ya kula anaangalia nani analishwa na nani anaachiwa sahani tu, au wanapitia rekodi za walioanguka. Dawa zipo pia, na zinahitajika kwa kweli, maana wazee hawa wanameza vidonge kibao ambavyo vingi vilijaribiwa kwa watu wenye umri mdogo na afya kuliko wao.

Yote ni hiari. Meneja akiwaruhusu watafiti kafungua mlango tu, hajamkubalia mzee yeyote.

Sasa shughuli ipo kwa mwenye ugonjwa wa kusahau. Kuambiwa unao hakukuondolei haki ya kuamua, kinachoangaliwa ni kama kwa jambo hili, leo, anaelewa anachoambiwa, analishika kichwani kwa muda wa kulipima na anatoa jibu, hata la kutikisa kichwa. Kama huwa anachangamka asubuhi basi aulizwe asubuhi, si jioni kachoka. Asipoweza kabisa, kwa Uingereza na Wales mfano, sheria ya 2005 ya uwezo wa kuamua (Mental Capacity Act) inamtaka mtafiti amuulize mtu wake wa karibu, ila huulizwi wewe unaonaje, unaulizwa mama mwenyewe angekuwa na uwezo wa kuamua angetaka? Ndugu wengi wanateleza hapa, wanajibu hofu zao. Na mzee akisukuma mkono wa anayempima presha, hiyo ni hapana, hata kama mwanae alishakubali kwenye fomu.

Masharti haya watu wameyalipia. 1963 huko Brooklyn, New York, wagonjwa 22 wa hospitali ya magonjwa sugu, wengi wazee na wadhaifu, walidungwa seli hai za saratani bila kuambiwa ni nini. Visa vya hivyo ndo vilifanya leo kamati ya maadili isome mpango mzima kabla mtafiti hajabisha hodi.

Kujitoa ni muda wowote, bila kutoa sababu, na huduma hazipungui. Ila uliza mapema taarifa zilizokwishachukuliwa zitafanywaje, maana zikishaondolewa majina na kuchanganywa na za wengine huwa hazitoleki tena.