Je, wajua ni nini hasa kinacholishika jino la kupandikizwa?

Mtu aliyepoteza gego na asiyetaka meno ya bandia ya kuvua na kuvaa huenda akaelezwa na daktari wa meno wa Kampala kuhusu jino la kupandikizwa: kijiti cha metali ya titani chenye umbo la skrubu huingizwa ndani ya taya, kisha juu yake hufungwa kofia yenye sura ya jino. Akiuliza kijiti hicho kitashikwa na nini, majirani watamjibu kabla ya daktari. Wengine watasema kimekazwa tu, basi, na wengine watasema kuna saruji inayomiminwa kukizunguka.

Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi upesi. Ni kweli kijiti hukazwa, lakini kukazwa huko hufaa kwa wiki chache za mwanzo. Saruji nayo ipo, ila kazi yake ni kugandisha kofia kwenye kijiti, na hata hapo si kila mara, kwa kuwa kofia nyingi hufungwa kwa skrubu ndogo. Kati ya kijiti na mfupa haiwekwi hata tone. Zaidi ya hayo, taya ni kitu hai kinachojibomoa na kujijenga mfululizo, kwa hiyo kitu kilichobanwa tu ndani yake hakingedumu miaka. Kinachokishika kijiti ni mfupa wenyewe, ambao hukua ukaingia katika mifuo ya skrubu na kuugusa uso wa titani bila nyama wala utando wa kuonekana katikati.

Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, mjini Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura hai kwa kifaa kidogo cha titani kilichopachikwa mguuni. Alipotaka kukitoa ili akitumie tena, kifaa kilikataa kutoka. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimpandikizia vijiti vya titani mgonjwa Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, na Larsson aliendelea kuvitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006. Wataalamu wengi, hata hivyo, hawakushawishika mpaka mkutano wa kitaalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982. Sungura hakualikwa.

Mwenye shamba wa Buganda anayetaka ua wa miti ya mutuba hukata tawi nene, hulichomeka ardhini na kushindilia udongo. Siku hiyo tawi husimama imara, lakini kwa nguvu ya kushindiliwa tu. Baadaye udongo hulegea kidogo kabla mizizi haijashika, na huo ndio wakati wa hatari: mbuzi akijikuna hapo kila siku, mizizi michanga hukatika na tawi hukauka likiwa bado limesimama. Katika taya mambo huenda vivyo hivyo, ila kwa kinyume, kwa kuwa tawi halioti mizizi. Ni udongo unaokua kulifuata. Seli za mfupa kwanza huondoa sehemu iliyojeruhiwa na keekee, hivyo kati ya wiki ya pili na ya nne kijiti huwa kimeshikwa kwa udhaifu kuliko siku kilipowekwa. Kikitikisika wakati huo kwa zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, mahali pa mfupa hujazwa na kovu laini, nalo halibebi mzigo wa kutafuna. Ndiyo sababu utaratibu wa zamani uliagiza kusubiri miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa la juu, ambalo mfupa wake ni mwororo zaidi, ingawa leo wapo wagonjwa wanaofungiwa kofia mapema zaidi.

Joto nalo huharibu kazi. Mfupa ukifikia nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu huanza kudhurika, kwa hiyo daktari hutoboa polepole huku maji baridi ya chumvi yakimiminika juu ya keekee.

Kwa nini mwili hauitapiki titani? Maelezo ya kawaida ni kwamba metali hii, ikikutana na hewa, hujivika papo hapo utando mwembamba mno wa oksidi, na mfupa hukutana na utando huo tulivu. Wapo watafiti, hata miongoni mwa waliofanya kazi na Brånemark, wanaosema kwamba mwili haujakipokea kijiti bali umekizungushia ukuta wa mfupa kama mgeni asiyeaminika. Mjadala huo haujafungwa.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba jino la asili halikushikamana na mfupa hata kidogo. Limening'inizwa kwa tabaka la nyuzi hai lenye unene wa takriban robo ya milimita, na nyuzi hizo ndizo hasa zinazokustua ukitafuna kijiwe kilichojificha kwenye maharage. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, kwa hiyo kijiwe hicho hicho huweza kusagwa kwa nguvu kabla mwenyewe hajatambua.

Kukosekana kwa nyuzi hizo kuna uzito wa pekee Uganda. Katika sehemu kadhaa za nchi, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hudhaniwa kuwa na ebiino, yaani meno yanayoaminiwa kuleta ugonjwa: uvimbe mweupe wa ufizi, palipo na chonge la utotoni linalojiandaa kuota, huchokolewa kwa spoku ya baiskeli. Pamoja na hatari ya maambukizi, chonge la ukubwani lililo chini yake huweza kuharibika au lisiote kamwe. Kijana wa aina hiyo hapandikizwi akiwa na miaka 12, kwani meno ya jirani yataendelea kushuka au kupanda pamoja na taya linalokua, ilhali kijiti kisicho na nyuzi, kilichoshikwa na mfupa, kitabaki palepale na kuonekana kama kimezama. Huvaa jino la kuvua mpaka taya likome kukua.