Je, wajua kwa nini begi la safari humuumiza mabega mwanamke mnene?

Mwaka juzi tulitembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, siku nne, kila mtu na mzigo wake mgongoni, mi nikaazima begi la lita 60 la rafiki yangu ambaye kusema kweli ni mwembamba kama ufito. Klipu ya kiunoni ilifunga, ila kwa kubana pumzi, sponji ya mkanda ikaishia ubavuni na mbele ikabaki kamba tupu inanikata tumbo. Siku ya pili mabega yamewaka moto, na mi najilaumu eti kwa sababu ni bonge. Kumbe shida ilikuwa begi.

Iko hivi, begi kubwa la safari halibebwi na mabega, linabebwa na nyonga. Likikukaa vizuri sehemu kubwa ya uzito (wengi hukadiria asilimia 80 hivi) inashukia kwenye mkanda wa kiunoni ambao unakaa juu ya ule mfupa wa nyonga, mabega kazi yake ni kulizuia tu lisikuvute nyuma. Mama yeyote aliyebeba mtoto mgongoni anajua, ukimkalisha chini kidogo karibu na kiuno na kanga ukaikaza unatembea naye hata kilomita tatu, akining'inia juu mabegani hufiki hata sokoni. Dick Kelty, Mmarekani aliyeanza kutengeneza mabegi California mwaka 1952 na mkewe Nena ndo anashona, inasimuliwa kwamba alishtukia jambo hili milimani baada ya kuchomeka ncha za fremu ya begi kwenye mifuko ya nyuma ya suruali na mabega yakapumua.

Sasa mkanda usipokuzunguka hauwezi kushika mfupa. Sponji inatakiwa ipite mfupa wa nyonga ije mpaka mbele, ikiishia njiani mkanda unateleza, unapanda tumboni au unashuka, na kilo zako 12 zote zinarudi mabegani. Ndo maana kile kipande cha kamba cha kurefushia mkanda hakitoshi, kinaongeza kamba, sponji inabaki fupi vilevile. Halafu vile vimfuko vya mkandani vya kuwekea simu na karanga, kwangu vilikaa nyuma kabisa, kila nikitaka kupiga picha namwita mtu anitolee simu.

Utasema si uchukue tu saizi kubwa, au la kiume? Hapo ndo wengi tunapigwa. Saizi ya begi inafuata urefu wa mgongo, siyo unene. Large maana yake mgongo mrefu, na mi ni mfupi, nikilivaa mkanda unanikalia kwenye makalio na mikanda ya mabegani inaelea hewani. La kiume nalo mikanda yake ya mabegani mara nyingi imenyooka, inapita juu ya matiti na kukwangua kwapa, wakati ya kike imepindapinda ikwepe kifua. Mwanamke mnene anahitaji mgongo wake uleule, ila mkanda wa kiuno mrefu wenye sponji ndefu, na mikanda ya mabegani mirefu ili sponji isiishie kwapani. Wabunifu walichelewa sana kuliona hili, ni mwanzoni mwa miaka ya 2020 tu ndo Gregory, kampuni ya mabegi ya Marekani, walitoa mabegi ya aina hiyo wakishirikiana na Unlikely Hikers, jumuiya ya watembea milimani aliyoianzisha Jenny Bruso, na kampuni nyingine ya mabegi, Osprey, nao wakaleta ya kwao.

Ukienda kununua, hata mtumba, inamisha kichwa, papasa kile kifupa kinachotokeza chini ya shingo, pima kutoka hapo mpaka usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, huo ndo mgongo wako. Tia kilo kama saba ndani, usijaribu begi tupu maana begi tupu linadanganya, ufunge kiuno KWANZA ndo uje mabegani.

Mi nilipata la mtumba ambalo mkanda wake unachomoka, nikampelekea fundi viatu aniongezee sponji kila upande. Akaligeuzageuza weee, akaniuliza, "Dada, unabeba jiko la gesi?" Nikamwambia na mtungi wake.